Mlimani Pana, Mlimani Kuna, Mlimani Mna: Mandhari na Swali la Mtindo wa Taifa katika Uchoraji wa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki nafasi ya mandhari katika kazi za wachoraji wawili waliochangia, kila mmoja kwa njia yake, kuunda kile kinachoitwa mtindo wa Kitanzania: Sam Joseph Ntiro (1923–1993) na Edward Saidi Tingatinga (1932–1972). Hoja kuu ni kwamba lawama ya muda mrefu kuwa wachoraji hawa hawakumudu kuonesha umbali imetokana na kipimo kisichowahusu. Kwa kutumia tofauti ya ngeli za mahali PA-, KU- na MU- kama zana ya uhakiki, makala yanaonesha kuwa mandhari ya Ntiro ni ya ndani na ya Tingatinga ni ya mahali mahususi. Mandhari ya mbali, ambayo leo huuzwa kama sura ya taifa, ilishika nafasi baadaye kwa msukumo wa soko. Makala yanamalizia kwa kuitazama Mikocheni kama mahali ambapo swali hilo bado liko wazi.

1. Utangulizi

Historia ya uchoraji wa Tanzania baada ya uhuru inaweza kuzungukwa kwa siku moja na mtu anayeanzia Mikocheni. Katika eneo la viwanda vidogo la Mikocheni B kuna Nafasi Art Space, kituo kilichoanzishwa mwaka 2008 ambamo wachoraji na wasanii wengine hufanya kazi katika karakana za jirani. Upande wa kusini, kuelekea katikati ya jiji, ni Oysterbay. Huko, karibu na Morogoro Stores, ndiko Edward Saidi Tingatinga alikouza picha zake mwishoni mwa miaka ya 1960, na ndiko wafuasi wake walikojenga chama chao cha ushirika, kilichoanzishwa rasmi mwaka 1990. Upande wa magharibi ni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Sam Joseph Ntiro na Elias Jengo walifundisha sanaa.

Katika pembetatu hiyo ndogo kumekuwa na mabishano yasiyokwisha juu ya uchoraji upi ustahili kuitwa wa Kitanzania. Wanaompendelea Ntiro husema yeye ndiye aliyeichora nchi na watu wake. Wanaompendelea Tingatinga husema mtindo wake ndio ambao dunia inautambua pasipo kuambiwa jina la nchi. Pande zote mbili, hata hivyo, hukubaliana kimyakimya juu ya jambo moja ambalo makala haya yanalipinga: kwamba wachoraji hao hawakuwa na ujuzi wa kuonesha kina cha mahali. Ntiro husamehewa kwa sababu ya maudhui yake. Tingatinga husamehewa kwa sababu ya rangi zake. Msamaha huo una gharama. Msanii anayesamehewa huwa amekwisha kuhesabiwa kuwa na kosa, na mhakiki huacha kuuliza kama kosa lenyewe lipo.

2. Mandhari: neno moja, taaluma mbili

Neno mandhari lilitoholewa kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kutazama. Mzizi huohuo ndio uliotupatia nadharia. Kwa asili ya maneno, basi, kuiona nchi na kufikiri kwa utaratibu ni ndugu wa mzizi mmoja. Udugu huu haupaswi kuchukuliwa kama ushahidi wa jambo lolote kuhusu wachoraji, lakini unamkumbusha mhakiki kwamba kila mandhari hubeba nadharia fulani ya kutazama: nani anatazama, amesimama wapi, na anataka nini na anachokitazama.

Katika matumizi ya sasa neno hili lina kazi mbili. Katika sanaa za ufundi, mandhari ni picha ya nchi: milima, mabonde, maji, miti. Katika uhakiki wa fasihi, mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio hutendeka, na kila mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania huikuta katika orodha ya vipengele vya fani, pamoja na wahusika, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Lugha nyingi za Ulaya hutenganisha dhana hizi mbili kwa maneno mawili. Kiswahili kimeziweka chini ya paa moja, na wahakiki wa sanaa za ufundi hawajaitumia vya kutosha fursa hiyo.

Faida yake ni kubwa. Mhakiki wa fasihi hamuulizi mwandishi kama mandhari yake ina umbali sahihi. Humuuliza kama mandhari inawafanya wahusika watende watendavyo. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, aliiweka nchi nzima angani, bila ardhi chini yake. Hakuna mhakiki makini aliyedai kuwa mwandishi alishindwa kuchora ardhi. Wote walielewa kuwa kukosekana kwa ardhi ni sehemu ya maana: nchi isiyo na mahali inaweza kuwa nchi yoyote, na mtawala wake anaweza kuwa mtawala yeyote. Heshima hiyohiyo, ya kudhani kwanza kuwa msanii amechagua, ndiyo ambayo wachoraji wameikosa.

3. Ngeli za mahali kama zana ya uhakiki

Sarufi ya Kiswahili hutofautisha aina tatu za mahali. PA- hurejelea mahali mahususi, panapoweza kuoneshwa kwa kidole. KU- hurejelea eneo pana au la mbali, lisilowekewa mipaka. MU- hurejelea ndani. E. O. Ashton alizieleza tofauti hizi katika sarufi yake ya mwaka 1944, na wanasarufi wa Kiafrika waliofuata wamezichambua kwa undani zaidi. Nguvu yake inaonekana katika sentensi tatu ambazo zina majina yaleyale:

(a) Mlimani pana watu.
(b) Mlimani kuna watu.
(c) Mlimani mna watu.

Katika (a), msemaji anapaonesha mahali fulani mlimani. Katika (b), anazungumzia mlima kama eneo, na anaweza kuwa mbali nao sana. Katika (c), mlima umekuwa na ndani. Una vichaka, njia, mashamba, na watu wamezingirwa navyo. Mlima haukubadilika. Kilichobadilika ni uhusiano wa msemaji na mahali.

Inawezekana kupinga kwamba sarufi si uchoraji, na kwamba wachoraji hawa hawakuchora kwa kufuata viambishi. Pingamizi hilo ni la haki, na makala haya hayadai kuwa lugha ilisababisha picha. Ntiro alikulia Machame, Tingatinga wilayani Tunduru. Kiswahili hakikuwa lugha pekee ya utoto wao. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: kwamba Kiswahili kina msamiati uliokwisha kupangwa wa kueleza namna tatu za kuwa mahali, na kwamba msamiati huo unaeleza picha zao kwa usahihi kuliko kipimo cha umbali kilichorithiwa kutoka uchoraji wa Ulaya baada ya karne ya 15. Katika kipimo hicho, mtazamaji husimama nje ya picha, katika nukta moja, na mistari yote hukimbilia upeo wa macho. Hiyo ni mandhari ya KU-. Ni namna moja tu kati ya tatu.

4. Ntiro: mlimani mna watu

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, akasoma Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, kisha akaendelea na masomo katika shule ya Slade jijini London katika miaka ya 1950. Alifundisha Makerere, akawa mwakilishi wa Tanganyika nchini Uingereza tangu mwaka 1961 hadi 1964, na baadaye akashika dhamana ya utamaduni serikalini. Mwaka 1960 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilipata picha yake ya mwaka 1956 inayoonesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku.

Jambo moja katika malezi yake ya kisanaa lina uzito wa pekee kwa wanafasihi. Trowell alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha wao kuchora walichokiona kwa macho ya ndani. Picha ilianzia katika masimulizi. Wapo waliouona utaratibu huo kama njia ya kuwanyima wanafunzi mafunzo ya kuchora kwa kuangalia, na hoja yao ina ukweli: mwalimu aliyewazuia wanafunzi wake wasiige Ulaya alikuwa pia akiwaamulia Uafrika ni nini. Lakini Ntiro alikwenda Slade, akafundishwa kuangalia, na akarudi akiendelea kuchora kwa kumbukumbu. Baada ya London, huo haukuwa tena ukosefu wa ujuzi. Ulikuwa uamuzi.

Uamuzi huo unaonekana katika mpangilio wa picha zake. Vilima hupandiana kuelekea juu ya turubai badala ya kurudi nyuma. Migomba na miti hurudiwa kwa mdundo. Watu ni wengi, wadogo, mara nyingi bila sura za kuwatambulisha, na karibu kila mara wako kazini au safarini: wanabeba, wanakata, wanalima, wanasindikiza. Uzito wa picha hukaa kwenye mteremko, si kwenye kilele. Mtu aliyezoea Kilimanjaro ya kalenda hushangaa kwamba mchoraji mzaliwa wa mlima huo hakuufanya ufalme wa theluji. Aliyewahi kuishi ndani ya kihamba hatashangaa. Kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, lina kivuli na majani pande zote. Mifongo hupitisha maji kati ya jirani na jirani. Macho hayaendi mbali. Mlima kwa mkazi wake si kitu cha kutazamwa. Ni kitu anachokaa ndani yake. Mna watu, mna maji, mna deni la pombe kwa wakwe.

Ikumbukwe pia kwamba Ntiro alikuwa mwandishi wa Kiswahili. Kitabu chake Desturi za Wachagga kilichapishwa Nairobi mwaka 1953, miaka mitatu kabla ya picha ya pombe ya bibi harusi. Wanahistoria wa sanaa hukitaja kwa nadra, na wanafasihi hukiacha kwa kuwa si riwaya wala ushairi. Hata hivyo, kikiwekwa kando ya picha, kinadokeza kwamba mchoraji aliiona desturi kama kiini na nchi kama mahali pake pa kutendeka. Kwa istilahi ya uhakiki wa fasihi, Ntiro hakuchora mandhari na kuipamba kwa watu. Alichora matukio, na mandhari ikafanya kazi yake ya fani.

Hakuwa peke yake katika hili. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mhitimu wa Makerere, alipochora ukutani maisha ya Kristo katika kanisa la kumbukumbu la Murang’a nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyaweka katika nchi ya vilima ambayo waumini waliijua. Mwumini hakutakiwa kusafiri kwa mawazo hadi Bethlehemu. Bethlehemu ilikuwa imeingia humo alimoishi.

5. Tingatinga: hapa pana chui

Njia ya Tingatinga ilikuwa nyingine kabisa. Aliondoka kusini, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam na kufanya kazi za nyumbani na vibarua. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, kwa rangi za kung’aa zilizotengenezwa kwa ajili ya kupaka vyuma na baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani wanamfukuza mwizi. Alichora kwa miaka minne tu, lakini ndugu na jamaa aliowafundisha waliendeleza alichokianzisha.

Katika picha zake nyingi mnyama au ndege mmoja hujaza mraba karibu wote. Nyuma yake ni rangi moja, pengine na kijiti au majani machache. Hakuna upeo wa macho, hakuna kivuli kinachomshikiza mnyama ardhini, hakuna mbali. Kwa kipimo cha umbali, hapo hapana mandhari. Kwa kipimo cha ngeli, hapo pana mandhari iliyobanwa hadi ikabaki nukta moja: hapa. Chui wa Tingatinga haishi mahali fulani ambako mtazamaji anaweza kwenda kumwangalia. Yuko hapa, ana kwa ana na anayemtazama, mara nyingi macho yakiwa yamemkodolea.

Rangi yenyewe ilichangia. Rangi ya kung’aa huishia pakali, nayo haimrahisishii mchoraji kupitisha weusi polepole hadi weupe kama rangi ya mafuta ya turubai inavyofanya. Lakini vifaa havielezi kila kitu, kwani wachoraji waliokuja baadaye wametumia rangi za aina hiyohiyo kuchora machweo yanayofifia kwa ustadi. Tingatinga angeweza kujaribu. Alichagua uso mmoja wa rangi. Ulinganisho na Kusadikika unafaa hapa, ingawa malengo ni tofauti. Shaaban Robert aliondoa ardhi ili nchi yake iwe mfano. Tingatinga aliondoa ardhi ili mnyama wake awe yupo tu. Mtu aliyehama kutoka Tunduru hadi vibanda vya Msasani hakuwa na mteremko wa ukoo wa kuchora, wala kihamba cha kumzingira. Alichokuwa nacho ni picha za akilini zisizo na mahali, na mraba wa kuziweka.

6. Mandhari ya mbali na soko la taifa

Mwaka 1962 Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na utamaduni ukapewa jukumu la kurejesha heshima ya taifa. Serikali haikuamuru mtindo wa uchoraji. Alama zake, hata hivyo, zilikwisha kuuteua mlima. Mwenge wa Uhuru uliwashwa kileleni mwa Kilimanjaro Desemba 1961, na mlima huo umo pia katika nembo ya taifa, pamoja na mwanamume na mwanamke. Kilele, si mteremko, ndicho kilichokuwa cha wote. Uamuzi huo ulieleweka: kihamba ni cha Mchaga, lakini kilele huonekana na kila mtu.

Soko la utalii lilikamilisha kazi hiyo. Katika miongo iliyofuata kifo cha Tingatinga, picha zinazobeba jina lake zilipata mlima, mbuyu, twiga na jua linalozama. Rangi moja ya nyuma iligeuka anga, na anga ikadai upeo wa macho. Jambo la kushangaza ni kwamba mandhari ya KU-, ambayo wahakiki walilalamika kuwa haipo kwa Ntiro na Tingatinga, ndiyo iliyokuja kujulikana kama mtindo wa Kitanzania. Imepatikana kwa kuondoa kile ambacho kila mmoja wao alikuwa nacho. Kutoka kwa Ntiro imechukua mlima na kuacha watu waliomo. Kutoka kwa Tingatinga imechukua mnyama na kuacha ukaribu wake. Kilichobaki ni mahali panapotazamwa na mtu aliye mbali, au anayejiandaa kuwa mbali, akiwa na picha ndani ya sanduku lake la safari.

Si haki kuwalaumu wachoraji kwa mabadiliko haya. Chama cha ushirika kimewalisha watu wengi na kuwasomeshea watoto, na wamo ndani yake mafundi ambao kazi zao zinazidi mahitaji ya mnunuzi. Lawama, kama ipo, inauhusu zaidi uhakiki. Kazi ilipoitwa sanaa ya watalii, mjadala ulifungwa. Hakuna aliyeuliza ni lini hasa, na kwa hatua zipi, hapa paligeuka kule.

Lugha yenyewe inapitia hali inayofanana. Katika mazungumzo ya kila siku ya Dar es Salaam, kuna imezimeza kwa kiasi kikubwa pana na mna. Watu husema kwenye gari kuna watu pale ambapo garini mna watu ingetosha. Mabadiliko ya lugha hayana hatia, na hayakuletwa na watalii. Lakini mhakiki anayeandika kwa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuitunza tofauti hiyo, angalau katika kazi yake, kwa kuwa ni chombo ambacho bado kinakata.

7. Mikocheni: jina na kilichobaki

Mikocheni ni mikoche na kiambishi -ni: mahali palipo na mikoche, mmea wa jamii ya minazi unaovumilia mchanga na chumvi ya pwani. Jina halielezi kinachoonekana kutoka mbali. Linaeleza kilichopo mtu anapofika. Leo anayefika hukuta kuta ndefu, mageti, maghala na majengo ya ghorofa, na mandhari ya awali imebaki katika jina zaidi kuliko katika udongo. Jirani yake, katika Msasani, ni Bonde la Mpunga, ambako kila masika jina huwaeleza wakazi kwa nini maji hurudi. Majina haya ni mandhari yaliyochorwa kwa lugha, na mengine yana ujuzi ambao ramani za viwanja haziuoneshi.

Kwa mchoraji anayefanya kazi Mikocheni B leo, njia tatu ziko wazi, na hakuna iliyo ya asili kuliko nyingine. Anaweza kuchora kilele cha mbali, ambacho soko linakijua. Anaweza kupaweka hapa kitu kimoja, kama Tingatinga, na kukiacha kimtazame mtazamaji. Anaweza pia kujaribu kazi iliyo ngumu zaidi, ambayo ni kuutafutia mtaa wa kuta na mageti ndani yake: kuonesha kwamba humo mna watu, na mna deni, kazi na maji, kama ilivyokuwa katika vilima vya Machame. Njia hii ya tatu haihitaji kuiga migomba ya Ntiro. Inahitaji kuurithi uamuzi wake.

8. Hitimisho

Makala haya yamependekeza kuwa swali la mtindo wa taifa katika uchoraji wa Tanzania limeulizwa vibaya kwa sababu limeulizwa kwa kipimo cha umbali. Ntiro na Tingatinga hawakushindwa kuchora mbali. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuchora karibu. Msamiati wa kuyaeleza hayo ulikuwapo katika Kiswahili wakati wote, katika neno mandhari lenye kazi mbili na katika ngeli tatu za mahali. Utafiti zaidi unaweza kuzipima zana hizi kwa vinyago, kwa picha za ukutani na kwa picha za mnato, ambako mahali pa mtazamaji ni tatizo la pekee. Kwa sasa inatosha kwamba anayesimama mbele ya picha ya Kitanzania, kabla hajasema kuwa haina umbali, ajiulize kama ni picha ya pana, ya kuna au ya mna, na kisha ajiulize yeye mwenyewe amesimama wapi.